Nilimpikia Mdachi rojo la nazi kwa hiari yangu, sasa mkwe ananinyima mke

Bwana mwenye ukurasa huu, jina langu lifiche vizuri, maana nina sababu zaidi ya moja. Mimi ni kijana wa upande wa Kibiti. Umri wangu mama anauhesabu kwa mafuriko ya mto, na anasema yamefika kumi na tisa. Shule ya serikali niliisoma mpaka nikaweza kuandika barua, hesabu zilipokuwa ngumu nikaiaga. Mkiona kosa humu, kosa hilo ni la mwalimu. Lakini kupika sikufundishwa na mtu, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Nilikuwa mpishi wa Mdachi mmoja mwenye shamba la pamba huku Rufiji. Huyo hakupata usingizi wa mchana mpaka ale mkate uliomiminiwa kitu anachokiita karameli. Sukari inaunguzwa sufuriani mpaka iwe nyekundu, inatiwa maziwa, linakuwa rojo zito la kunata. Maziwa yenyewe yalikuja ya kopo kwa mashua, maana huku kwetu mbung'o hawamwachi ng'ombe akazeeka. Vita vilipoanza kule milimani Umatumbi, mashua zikakoma, makopo yakaisha. Mdachi akanuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Nikasema, kwani nazi nazo zimekwisha? Nikakaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mbili, mimi mwanamume mzima, vibarua wa pamba wananichungulia dirishani wakiniita Bi Harusi. Nikawaacha wacheke. Nikakamua tui la kwanza peke yake, bila kuongeza maji. Sukari nikaiyeyusha kavu, ilipoanza kunukia nikaiepua, ndipo nikamimina tui kidogo kidogo huku nakoroga upande mmoja, nikairudisha kwenye makaa yaliyopoa. Wale wanaomwaga tui lote kwa pupa juu ya moto mkali huwakatikia, wakapata mafuta juu na maji chini, kisha wanasingizia nazi. Langu lilitoka linang'aa. Chumvi kidogo, basi. Mdachi alikula, akaniuliza kopo nimelitoa wapi. Nikamwambia limeangukia chini ya mnazi.

Siku zile zile rafiki yangu, hapa nitamwita Hamisi, alikuja jikoni. Alikuwa amekwisha kunywa yale maji ya dawa, ameambiwa risasi za Mdachi hazitampata. Alitaka twende vitani pamoja. Nikamwambia mimi siamini, tena nikacheka. Hakukasirika. Alichovya kidole sufuriani, akalamba, akachovya tena, akaniambia, "Nibakizie. Nikirudi nalimaliza." Akatokea mlango wa nyuma, mimi nakoroga. Hakurudi. Sufuria ile sikuiosha siku tatu, na hili sijamwambia mtu mpaka leo.

Hamisi ni kaka yake Mwanaidi, na Mwanaidi ni mchumba wangu tangu kabla ya vita.

Sasa vita vimekwisha, Mdachi kahama, nimerudi nyumbani na njaa imetukuta. Mpunga ulichomwa, watu wanachimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, porini. Mhindi mwenye duka alinipa kipande cha sukari guru, nikapika rojo lile lile nikawamiminia watoto juu ya ming'oko. Hata waliokuwa wamegoma kula walilamba majani ya kupakulia. Bakuli moja likafika kwa baba mkwe. Naambiwa alikula, akalipangusa kwa kidole, akauliza nani kapika. Alipotajiwa jina langu, bakuli aliliweka chini asilitazame tena.

Akaniita mbele ya ndugu zake. Akasema hamwozi binti yake mtu aliyempikia Mdachi siku mwanawe anapigwa risasi. Ila njia ipo. Ijumaa ya kwanza ya Shaabani inasomwa hitma ya Hamisi. Nisimame niwaambie watu kwamba Mdachi alinifunga kamba jikoni, nikapika kwa bakora. Nikisema hivyo, ndoa mwezi huo huo. Ndugu zake wakaitikia kwa vichwa, kwamba ni jambo jepesi.

Nikamwambia, "Baba, sikufungwa. Nilipika kwa hiari yangu, na nilipika vizuri."

"Unajisifu mbele yangu?"

"Kwa kupika tu, baba. Lakini nikisema nilifungwa, basi Hamisi aliingia mle, akaniona nimefungwa, akalamba sufuria akaniacha. Ndivyo unavyotaka akumbukwe?"

Mzee alichukua kofia yake akatoka. Ndugu zake wanasema nimemtukana. Mama yangu haongei nami ila kuniita nikale. Mwanaidi nilimkuta kisimani, akaniambia, "Maneno yenyewe mafupi. Yaseme tuoane, kisha uyasahau." Nikamwuliza kama yeye atayasahau. Alijitwika mtungi akaenda zake, na tangu siku hiyo anateka maji asubuhi sana ili tusikutane.

Baba mkwe simchukii. Kila akinitazama anamwona mtu aliyebaki hai badala ya mwanawe, tena mwenye mashavu. Akitaka niseme mbele ya watu kwamba niliogopa, nitasema, maana sina hakika kwamba sikuogopa. Akitaka nipike hitma nzima, nitakaa juu ya mbuzi hapo uwanjani wanitazame wote. Kamba tu ndiyo sitaivaa. Mdachi mwenyewe hakunivika.

Nyinyi wasomaji wa Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam mmeona mengi kuliko sisi wa mtoni. Atakayenishauri niseme uongo kidogo yaishe, huyo abaki na wino wake. Nyinyi wengine niambieni, kabla Shaabani haijaandama: nifanye nini nimpate Mwanaidi bila kumsingizia kaka yake?