Nilimwambia Dereva Tairi Ndizo, Sasa Nachapa Barua ya Kumfukuza

Admin, kabla hujachapisha haya nakuomba kwa heshima: ficha jina langu, ficha picha yangu, na kama nimejisahau mahali nikataja rangi ya pikapu, futa. Nanyi mnaosoma, mkihisi mnanifahamu, tafadhali nyamazeni. Nakuru ni ndogo kuliko tunavyodhani, na nusu ya wateja wetu wako kwenye ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne. Nina diploma ya ununuzi na ni karani katika biashara moja ya viazi. Bado niko kwenye majaribio. Ninaagiza magunia, dawa za shamba na vipuri vya gari, na barua zote za bosi huzichapa mimi.

Pikapu yetu ni moja tu. Siku za kazi hubeba viazi kutoka Mau Narok na Dundori hadi kwa wanunuzi wa Mai Mahiu. Jumapili huoshwa, kisha bosi humpeleka mama yake kanisani. Mama huyo ana mgongo mbaya. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia.

Tairi zilipoisha, dereva wetu, nitamwita Baba Shiru ingawa si jina lake, alinijia mezani. "Karani, ukienda kununua leta LT. Usidanganywe na meno ya tairi. Soma ubavuni, hizo herufi mbili ziko mwanzo kabisa." Sikujua alichomaanisha, nikaenda kusoma. Kumbe tairi za barabara mbaya ziko za aina mbili, na kwa mbali zinafanana. Moja ni ya magari ya abiria, nyepesi na laini. Nyingine, hiyo LT, ni ya malori madogo. Kuta zake ni nene, hujazwa upepo mwingi na huvumilia mzigo, lakini hutikisa.

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Lakini asubuhi ya kwenda dukani bosi alinipitia akasema, "Hizi za sasa zinamrusha mama kama gunia. Tafuta kitu laini kidogo." Muuzaji naye akapiga tairi ya abiria kofi. "Madam, saizi ni ile ile, meno ni yale yale. Hii utadhani umekaa kwa sofa." Nikachukua ya sofa. Jumapili ile mama wa bosi alinitumia ujumbe kupitia mwanawe kwamba hakusikia hata shimo moja, nibarikiwe. Nilifurahi wiki nzima.

Baba Shiru alikuwa ameenda kwao tairi zikifungwa. Aliporudi zilikuwa tayari zimejaa matope ya shamba. Aliniuliza dirishani, "Karani, ni LT?" Nikasema, "Ndiyo, ndizo." Niliogopa atamwambia bosi zirudishwe, na bosi aone amemwajiri mtu asiyejua kazi. Neno moja tu, kisha nikarudi kwenye kompyuta.

Alipopakia viazi, tairi zilivimba chini. "Mbona zinakaa kama zimechoka?" alishangaa, akaenda kuongeza upepo hadi kiwango alichozoea kujaza zile za zamani. Nilimwona kupitia dirisha. Sikutoka.

Wiki iliyopita, akiteremka kutoka Mau Narok, tairi ya nyuma ilipasuka. Pikapu iliingia mtaroni na Baba Shiru akavunjika mkono. Alikuja ofisini mkono ukiwa umefungwa, bosi akamrukia. "Ulipakia kama lori! Na huo upepo ulikuwa unajaza puto?"

"Mzee, ni magunia yale yale ya kila siku. Na hizo ni LT, zinabeba." Kisha akanigeukia, bila hasira, kama mtu anayeomba ashikiwe mlango. "Ama namna gani, karani?"

Nikasema, "Wacha niangalie karatasi."

Karatasi sikuiangalia. Watu wote walipoenda kula chakula cha mchana, nilichukua kitambaa nikaiendea pikapu, iliyokuwa imevutwa hadi uani, nikapangusa ubavu wa tairi moja kati ya tatu zilizobaki. Herufi mbili hazikuwepo. Kiwango cha juu cha upepo kilikuwa kimeandikwa hapo, kidogo sana kuliko alichokuwa akijaza Baba Shiru. Na hili ndilo linanikosesha usingizi: niliokota matope, nikayapaka tena pale pale kwa kidole.

Bosi ameniagiza nichape barua ya kumfukuza Baba Shiru kwa uzembe. Anaitaka kesho saa nne asubuhi. Pikapu imenunuliwa tairi moja ya kuziba pengo, na keshokutwa dereva mgeni atashuka nayo Mai Mahiu ikiwa imejaa. Nimeanza barua hiyo mara sita. Nikifika kwenye neno "uzembe" vidole vinakataa. Nikisema ukweli, kazi imeenda, na mama yangu alishatangaza kanisani kwamba nimeajiriwa. Nikinyamaza, mzee aliyeniamini anarudi kwao na mkono mbovu na jina baya.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngeanzia wapi? Kwa bosi, au kwa Baba Shiru?

Nijibuni kupitia inboksi ya admin pekee. Msinipigie, msije ofisini. Skrini yangu inatazamana na mlango wa bosi, kwa hiyo andikeni kabla ya saa mbili asubuhi, nikiwa bado njiani. Na wewe Baba Shiru, kama kuna mtu amekusomea haya, usipitie kwa admin. Njoo dirishani uniulize tena lile swali. Safari hii nitatoka nje na kitambaa.