Mikeka Chini ya Vitanda

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mgonjwa yeyote, sista wa wodi ya wanawake pale hospitali ya Kawempe huinama na kuchungulia chini ya vitanda. Anatafuta mikeka. Penye mkeka uliokunjwa, mgonjwa ana ndugu anayelala hapo usiku, wa kumgeuza, kumletea uji na kuita muuguzi akizidiwa. Pasipo na mkeka, sista husimama kidogo, husugua viganja vyake vikavu mpaka vipate joto, ndipo humgusa mgonjwa begani na kumwambia kwa sauti ya chini, "Leo ndugu yako ni mimi." Wenzake humtania: "Banange, jamani sista, pete imepotea tena?" Naye hucheka hukohuko chini alikoinama.

Sumayiya, aliyetumwa na chuo kikuu kuwafundisha wauguzi kufanya utafiti, alimfuata wiki nzima bila kuthubutu kumuuliza kitu. Fomu za chuo hazikuwa na safu ya mikeka. Sista alijichorea yake kwa rula, ajue wasio na mkeka wanachelewa kupona kwa siku ngapi. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka maswali ya utafiti, na la sista lingekataliwa, maana sehemu moja ilibaki tupu: chanzo cha swali. Sumayiya akajikaza.

"Sista, hili swali ulilitoa wapi?"

Sista aliendelea kukunja shuka.

"Kitanda cha tisa," alisema. "Nililazwa pale siku kumi na nane, na kila asubuhi nilichungulia chini nione kama kuna aliyekuja na mkeka."