Sura Sita Zilizobaki

Nilifundisha historia kwa muda mrefu, na katika muda huo wote sikumruhusu mwanafunzi kuandika "inasemekana". Nani amesema? Aliona nini kwa macho yake? Niliuliza hivyo darasani, kisha nikaendelea kuuliza hivyo mezani na misibani, hata watu wakapunguza kunipa habari. Natanguliza jambo hili kwa sababu ndilo lililomfanya dada yangu afe akiwa amebakiza sura sita za kitabu.

Dada alinizidi miaka saba. Hakupelekwa shule, mimi nilipelekwa. Mumewe alipofariki alirudi Kishanda, wilayani Muleba, kwenye kibanja cha baba yetu, migomba na mibuni niliyoirithi mimi kwa taratibu za ukoo, ingawa naishi Miembeni, Bukoba mjini, na sijashika jembe kule tangu ujana wangu. Yeye alipalilia, akavuna, akanitumia ndizi kwa basi. Aliishi pale kwa ruhusa yangu. Neno hilo, ruhusa, lilitamkwa kwenye vikao vya ukoo mbele yake, huku akiwapitishia wazee kahawa ya kutafuna.

Presha ya macho ilimpofusha, kisha moyo ukaanza kumchosha. Wakati huo maktaba ya mjini ilikuwa imeanza kuazimisha vitabu vya kusikiliza: redio ndogo, na ndani yake kadi ya memori yenye kitabu kizima. Mezani paliwekwa daftari ambamo waazimaji waliwapendekezea wenzao vitabu, vya hadithi na vya maarifa. Nililisoma kwa mashaka. Wengi waliandika "kizuri sana" kwa namna iliyoonyesha kuwa hawakuvuka sura ya pili. Nikajiwekea sharti la kutoandika humo jina la kitabu nisichokisikiliza hadi mwisho.

Cha kwanza nilichompelekea kilihusu mnyauko wa migomba. Alikisikiliza akimenya ndizi kwa kupapasa.

"Huyu anayesema ana migomba mingapi?" aliuliza.

"Ni mtaalamu."

"Sikukuuliza kazi yake, mwalimu. Nimekuuliza migomba."

Jirani yake, mjane mwenzake aliyekuja kila alasiri, alicheka hadi akashika ubavu. Cha pili kilikuwa cha historia ya watawala wa zamani. Dada alisema wanaume wote wale walipigana miaka mia na haikutajwa hata siku moja nani aliyewapikia.

Cha tatu kilikuwa riwaya ya sura ishirini na nne. Niliichagua kwa urefu wake tu. Maelezo ya maktaba yalisema ni hadithi ya maisha ya kijijini. Hayakusema kwamba ni hadithi ya binti anayewashtaki baba zake wadogo mahakamani, akidai kibanja cha marehemu baba yake.

Niliporudi Kishanda Jumamosi ya pili, nilimkuta amelala juu ya mto mrefu, miguu imevimba, redio kifuani. Alikuwa amemaliza sura ya kumi na nane. Hakimu alikuwa bado hajasoma hukumu.

"Niachie wiki moja," alisema.

"Muda wa kuazima unakwisha Jumatatu. Kuna mtu anasubiri."

"Mwalimu," jirani akaingilia, "nasikia ukiwapigia simu wanakuongezea siku. Mtoto wa dada yangu aliongezewa."

"Umesikia kwa nani? Kwenye kadi ya maktaba haikuandikwa."

"Basi, kama haikuandikwa haipo!" alisema jirani, akageukia ukutani.

Dada hakucheka. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akauweka juu ya redio. "Ichukue, waitu, ndugu yangu. Ila uniambie kama walimpa."

Nilikuwa nayo mezani kwangu Jumapili nzima. Sura sita zingeweza kusikilizwa kati ya misa na chakula cha jioni. Sikuiwasha. Nilijiambia kwamba si haki kumtangulia mwenye kitabu. Sasa naandika kwamba niliogopa hukumu ile, kwa kuwa kibanja kilichobishaniwa kilifanana mno na changu.

Alhamisi jirani alinipigia, akasema dada hali chakula, anazidiwa. Nikamuuliza daktari amesema nini. Akajibu kwamba hakuna daktari, kuna macho yake yeye. Kisha akampa dada simu.

"Walimpa?"

"Sikusikiliza. Siwezi kusema nisichokijua."

"Hata kunidanganya huwezi?"

Alipumua mara kadhaa, nikasikia simu ikichukuliwa. Alifariki Jumamosi asubuhi, kabla basi langu halijafika Muleba.

Nyasi za msiba zilikuwa zimekwisha kutandazwa sakafuni na wazee wa ukoo wamekaa. Walikuwa wameamua: mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, apelekwe Kimwani.

"Achimbiwe hapa," nilisema.

"Kwa haki ipi?" aliuliza mkubwa wao. "Wewe ndiwe mtu wa ushahidi. Aliwahi kuiomba ardhi hii? Nani alimsikia?"

"Mimi nilimsikia."

"Alisema nini hasa?"

Hakuwahi kuiomba. Aliuliza tu kuhusu binti wa kitabuni. Kwa kanuni zangu zote, sikuwa na ushahidi wowote. Nikasema tena kwamba nilimsikia, na kwamba mrithi ni mimi. Alizikwa kando ya mibuni ya baba, na wazee wawili waliondoka bila kuniaga.

Baada ya matanga nilirudi maktaba. Nilimuuliza mhudumu, mama mmoja mpole, kama muda wa kuazima huongezwa kwa simu.

"Ndiyo, mzee. Wiki moja, hata kama kuna anayesubiri. Wote wanajua."

"Mimi sikujua."

"Hakuna aliyekuambia?"

Riwaya ilikuwa imerudishwa, nikaiazima. Niliisikiliza nyumbani tangu sura ya kwanza, mchana, mlango ukiwa wazi. Katika sura ya mwisho hakimu anamnyima binti kibanja. Anaruhusiwa kukaa na kulima hadi kufa kwake, bila kumiliki chochote. Sijui kama ningeweza kumsomea dada hukumu hiyo. Najua aliniomba.

Niliirudisha kabla ya muda wake. Katika daftari niliandika jina la kitabu, na kwamba nakipendekeza, na kwamba kimesikilizwa hadi mwisho. Kisha nikamwomba mhudumu kalamu ya wino mzito na kadi zote za maktaba zilizokuwa hazijagawiwa. Nilikaa pale hadi saa ya kufunga, nikiandika nyuma ya kila kadi kwamba muda huongezwa kwa simu.