Sikuwafundisha Kuanguka

Mimi ni mtu wa kufagia mara tatu, nakiri mapema. Sakafu ya saruji nyuma ya kanisa letu, hapa Karatu mjini, ndipo waumini wanapoanikia mbaazi na maharage wakati wa mavuno, na punje moja ya mbaazi inatosha kulikwamisha gurudumu la kiatu cha kuteleza na kumtupa mtoto chini. Kwa hiyo kila Jumamosi, siku ya mafunzo, nilifika saa nzima kabla ya watoto. Nilifagia, nikafagia tena kwa upande wa pili, kisha nikapita nimechuchumaa nikiokota kwa vidole. Watoto waliowahi walinichungulia ukutani. "Dada kapoteza hereni," walisema.

Viatu vya magurudumu nilivipata mnadani, jozi sita kwenye rundo la mitumba, hakuna mbili zinazofanana. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu, na nyingi ni za watoto wa Ulaya wanaoteleza juu ya barafu. Niliwaonyesha watoto wangu. Nikaeleza kwamba huko kwao kukiwa na baridi kali ziwa linaganda, watu wanapita juu yake. Mmoja akauliza, "Sasa viboko wanakaa wapi?"

Nilipojifunza sikuwa na helmeti wala kitu chochote magotini. Niliwahi kuangukia mkono wa kushoto, na asubuhi za ukungu kifundo bado kinaniuma. Sikumwambia mtu. Nilinunua helmeti za baiskeli, nikashona pedi za magoti kwa sponji ya godoro na jinzi kuukuu, nikaweka sheria: asiye na helmeti na pedi havai viatu. Sheria hiyo iliniletea wazazi.

Baba mmoja, dereva wa watalii, alikuja kumleta kijana wake na gari la kupeleka wageni kreta kuona wanyama, akamvua zile pedi mwenyewe mbele yangu. "Mwalimu, mimi nimeshuka mteremko wa Kansay na baiskeli isiyo na breki. Nimekufa?"

"Hapana, baba."

"Basi mwache mtoto awe mwanaume."

Na huyo huyo, akiendesha gari, hamwachi mgeni aondoke bila kufunga mkanda.

Mama wa binti wa miaka tisa alikuwa kinyume chake, na alinichosha zaidi. Alimleta binti amefungwa kipande cha godoro makalioni kwa khanga, kanda mbili za kitambaa kwenye viwiko, soksi tatu. Lakini helmeti, hapana. Binti alikuwa amesukwa kwa ajili ya Komunio ya kwanza, nywele zimekusanywa utosini kama kichuguu.

"Nimekaa na hicho kichwa tangu asubuhi," mama alisema. "Hutakifumua wewe."

Tulibishana mpaka watoto wengine wakakaa chini. Mwisho tukakubaliana nywele zishushwe kisogoni bila kufumuliwa. Akanung'unika jambo kwa Kiiraqw ambalo binti yake alikataa kunitafsiria.

Huyo binti ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Kwa mwezi mzima nilimshika mikono, nikikimbia nyuma-nyuma mbele yake, kama nilivyowafanyia wote. Kwa mwezi mzima hakuanguka hata mmoja, nami nilijisifu moyoni. Sikuona nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nawafundisha kila kitu isipokuwa kuanguka, kwa sababu mimi ndiye nisiyeweza kutazama.

"Dada, niache!" alisema Jumamosi moja. Nikamwachia.

Miguu ilitangulia. Mtoto ambaye hajawahi kuanguka hakujua akunje magoti wala apeleke mikono wapi. Alikwenda chali kama ubao. Godoro lilipokea makalio, helmeti ikapokea kisogo, na mlio wake ukasikika hadi kwa mama yake aliyekuwa amekaa ukutani. Binti aliinuka akicheka. Alipoivua helmeti na kuona ufa, ndipo akalia.

Mama aliigeuza mikononi. "Imepasuka."

"Ndiyo kazi yake, mama. Bila hiyo kingepasuka kichwa chake."

"Kazi yake kupasuka? Sufuria yangu ikipasuka nitasema ndiyo kazi yake?"

"Nilisema mimi," dereva, aliyekuwa anamngoja kijana wake, akadakia. "Vitu vya mtumba hivi."

Mama akamshika binti mkono, akaondoka na helmeti yangu, na kusema hawarudi.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumatano nilikwenda nyumbani kwao, nikamkuta mama anachagua maharage uani. Nilikuwa nimejiandalia maelezo kuhusu helmeti, yenye mpangilio. Nilipomwamkia tu, yakapotea. Nikamwambia kosa ni langu, sikuwafundisha watoto kuanguka. Nikamwambia na habari za mkono wangu.

Aliuvuta, akabonyeza kifundo mpaka nikaruka. "Huu ulivunjika. Hospitali walisemaje?"

"Sikwenda."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Kwa hiyo unawaficha wazazi wa watu, na wako pia." Akarudi kwenye maharage yake, akatupa mawe mawili. "Jumamosi nitakuja. Nataka kumwona anavyoanguka. Nisiporidhika, basi."

Jumamosi hiyo niliwaanzishia wote kwenye majani, miguu mitupu: kunja magoti, egemea mbele, pedi zitangulie, viganja vifuate. Dereva alitazama, akatikisa kichwa. "Watoto wanafundishwa kuanguka! Na kulia je, mwalimu?" Lakini kijana wake alibaki na pedi.

Mama alifika na ile helmeti. Ufa ulikuwa umezibwa kwa kiraka cha tyubu, kimebandikwa vizuri kabisa. "Fundi baiskeli ameitengeneza," alisema, na aliona fahari kweli.

Nilimweleza kwamba ikishapasuka haifai tena. Akanieleza kwamba fundi ni mzuri. Nikaeleza tena. Mwisho nikavua yangu, nikamvalisha binti, na kwa kuwa sheria ni yangu mwenyewe, nikavua viatu vya magurudumu, nikasimama pembeni na kandambili. Nisingeweza kumfikia.

Binti akajisukuma hadi katikati. "Anguka," mama akasema.

Akaanguka. Magoti, viganja. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kumwinua, mama akanidaka mkono wa sweta. "Mwache."

Akainuka peke yake, akajifuta viganja, akamtazama mama.

"Tena," mama akasema.

Hapo ndipo nikaiona punje ya mbaazi, karibu kabisa na gurudumu lake. Nilikuwa nimefagia mara tatu. Nikafungua mdomo kumwonya, mama hakuniachia sweta, nikaufunga.