Kipande cha Reli Nyuma ya Kota

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Voi, na Jumamosi huwatembeza watu mjini nikiwaonyesha historia. Hakuna aliyenituma. Nilianza na darasa langu, wakaja watoto wa shule nyingine, wakaja Wazungu waliokuwa wanangoja gari lao litengenezwe ndio waingie mbugani. Sina leseni wala sare. Nina sauti tu, na watu wengi hawajui kuwa mtu mwenye sauti anaweza kukosea.

Mwaka jana nilipewa kazi nyingine na ndugu zangu: kumtoa mama Voi.

Baba yetu alikuja hapa kijana kutoka magharibi, akaandikwa reli, kazi yake kubadilisha njia za treni pale stesheni. Alipofariki tulimpeleka nyumbani kwa basi la kukodi, kama wanavyopelekwa watu wetu wote. Mtu wa kwetu hazikwi Voi. Unaweza kukaa hapa maisha yako yote, ukazaa hapa, ukachomwa na jua la hapa mpaka hata mbuzi wakuzoee, lakini ukikata roho unafungwa vizuri na kurudishwa. Anayezikwa ugenini, kwetu husemwa ametupwa. Basi tukamzika baba, kisha tukamjengea mama nyumba pale nyumbani, ya matofali, yenye mabati mekundu na tangi la maji. Mama akaonyeshwa picha kwa simu. Akasema ni nyumba nzuri sana, akaendelea kuishi kwenye kota ya reli inayovuja.

Miaka mitatu tulimbembeleza. Majirani walikuwa wamehama karibu wote, na mara mbili alikuwa ameanguka bafuni akakaa chini mpaka mtu akapita. Dada yangu aliyeolewa Eldoret alinipigia kila Jumapili baada ya kanisa. "Kaka, wewe ndiye mkubwa. Ongea na mama kabla hatujamwokota."

Kweli, mimi ndiye mkubwa. Tena huko nyumbani mimi ni mkubwa zaidi, kwa sababu huko nina miaka miwili zaidi ya ile niliyo nayo Voi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema hivi, shangazi zangu wanasema vile, na shangazi zangu hawajawahi kushindwa na karatasi. Nilipopelekwa huko mara ya kwanza, nikiwa mdogo, nyanya alinigeuza mbele na nyuma akauliza, "Mbona mfupi hivi? Huko Voi mnamlisha nini?" Nikalishwa mayai likizo nzima. Baadaye nikatahiriwa pamoja na wavulana waliokuwa wamenipita kimo na ndevu, nikavumilia, maana nani angenisikiliza? Nilipomuuliza baba, alisema karani wa vyeti alikosea. Nikamchukia karani yule kwa miaka mingi, na simjui.

Sasa mama. Mimi nilidhani kinachomshikilia ni mapenzi ya mji. Kwa hivyo nikapata wazo, na naona haya kuliandika: nitamtembeza mama mji mzima, kama mgeni, aone kila kitu, aushibe, auage. Nilifikiri ni mbinu ya kisomi.

Nikakodi tuktuk Jumamosi asubuhi. Mama akavaa kitambaa chake cha kanisa na viatu vya kufunga. Tulianzia stesheni ya zamani. Nikasimama kwenye jukwaa, nikamweleza jinsi mji huu ulivyozaliwa na treni, injini zilivyokuwa zikinywa maji hapa, na jinsi simba wa Tsavo walivyowatesa wajenzi wa reli. Mama akatazama njia zilizoota majani.

"Hapa baba yako alikuwa ananyeshewa," akasema.

Tukaenda stesheni mpya, ile kubwa, iliyojitenga na mji kama imegombana nao. Nikaeleza kasi ya treni. Mama akaomba kwenda chooni, akarudi akasema choo ni kisafi. Huo ndio ulikuwa mchango wake wote kwa historia ya usafiri, na jua lilikuwa limeanza kuniuma kichwani. Nilikasirika kidogo, nakiri. Nimezoea wageni wanaoitikia.

Makaburi ya vita ndiyo yalimwamsha. Yapo hapa mjini, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mstari, na mama alikuwa amepita nje ya ua wake tangu aolewe bila kuingia. Akaenda jiwe moja baada ya jingine, akiligusa kila moja kwa kidole.

"Hawa ni wa wapi?"

"Wengi wametoka Afrika Kusini na Uingereza. Walipigana na Wajerumani huko Salaita na kwingineko. Ile reli ya kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo."

"Na kwao hawakupelekwa?"

"Hapana. Desturi yao, askari anazikwa karibu na alipofia."

"Mama zao walikubali?"

Nikasema historia haijaandika hilo. Mama akasema haimshangazi. Akafika kwenye jiwe moja, akaniita.

"Hili halina jina."

"Hakujulikana."

"Lakini jiwe wamemwekea."

"Wamemwekea."

"Na nyasi zake wanakata."

"Wanakata, mama."

Akasimama pale mpaka dereva wa tuktuk akaanza kupiga honi. Nikafurahi moyoni. Nikajiambia, sasa anashiba.

Nilikuwa nimebakiza kituo changu cha mwisho, kile ninachojivunia kuliko vyote, kwa sababu nilikigundua mwenyewe. Nyuma ya kota, ndani ya vichaka vya miiba, kuna kipande cha reli kilichosimikwa wima, kinanifika kiunoni. Nimekijua tangu utotoni. Hatukuruhusiwa kukichezea, na siku moja baba alinichapa kwa kumfunga mbuzi pale. Nilipoanza mambo ya historia, nikakitafakari, nikaamua kwamba ni mabaki ya reli ya vita. Kuamua ndilo neno lenyewe, sikumuuliza mtu. Nikachora kibao cheupe kwa rangi nyeusi: RELI YA VITA VYA KWANZA. USIGUSE. Watoto wa shule wamenakili maneno hayo kwenye daftari zao. Mzungu mmoja alivua kofia.

Nikamsimamisha mama mbele ya kibao, nikaanza hotuba yangu kwa sauti ya Jumamosi. Nikafika kwenye wahandisi wa jeshi. Mama akainama, akang'oa jani moja lililoota chini ya reli ile, akalitupa pembeni.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akiwa amenichoka. "Hiyo reli alisimika baba yako."

Nikamuuliza lini, na kwa nini. Akakaa juu ya jiwe, akaeleza bila haraka, akiangalia reli, si mimi.

Kabla yangu kulikuwa na mtoto, wa kiume. Baba aliandika barua nyumbani mara tu alipozaliwa, nyanya akachinja. Mtoto akaishi miezi minane, homa ikamchukua kwa siku mbili. Ilikuwa mvua kubwa, tuta la reli limesombwa upande wa Tsavo, treni hakuna, barabara ni tope tupu. Wakangoja siku nzima. Mtoto mdogo hangoji zaidi ya hapo kwenye joto la Voi. Jirani mmoja Mtaita akaja na jembe, akachimba pamoja na baba. Hawakuwa na jiwe wala msalaba. Baba akaenda akaokota kipande cha reli kwenye vyuma chakavu.

"Kwa nini hamkuandika nyumbani?"

"Tuandike nini? Kwamba tumemtupa? Baba yako alimwogopa nyanya yako kuliko treni. Alisema ataandika mwezi ujao. Mwezi ujao akasema mwezi ujao. Halafu ukazaliwa wewe, wa kiume tena, akakupa jina lilelile. Mambo yakanyamaza."

Nilikaa chini kwenye mchanga, na suruali yangu ya Jumamosi. Nikafikiria yale mayai. Nikafikiria karani wa vyeti, maskini, ambaye hakukosea chochote. Kisha nikakiona kibao changu, na aibu iliyonishika ilikuwa ya kunitoa machozi, na yalitoka.

"Mama, umeniacha nikileta watu hapa miaka yote hii? Nikisema uongo?"

"Ulikuwa unawaleta watu. Mimi nilikuwa naona dirishani wakisimama kimya. Yule Mzungu alivua kofia." Akapangusa kipande cha reli kwa ncha ya kitambaa chake. "Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumvulia kofia. Nikasema, acha mwalimu aendelee."

Nikang'oa kibao. Kilitoka upesi, sikuwa nimekichimbia vizuri. Mama akaniangalia nikijaribu kukivunja gotini mara mbili bila mafanikio, akaniambia nikiweke tu chini.

"Ile nyumba ni nzuri," akasema. "Sikuwadanganya. Hata mimi nataka kulala mahali pasipovuja. Lakini nikienda, huyu anabaki na nani? Wewe una stori zako. Siku moja watakuja watu wa chuma chakavu waking'oe, na hakuna atakayejua kulikuwa na mtu."

"Unataka nifanye nini?"

"Waambie wa nyumbani kwamba alikufa. Shangazi zako waambiwe, walie, nimechoka kulia peke yangu. Kisha tuchukue mchanga wa hapa, tumpeleke, azikwe kando ya baba yake kwa jina lake. Mimi nitakuja na yeye." Akanitazama sasa. "Na wewe umrudishie miaka yake miwili. Umeibeba vya kutosha."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimekaa kwenye kota, mama anaosha mkebe uliowahi kuwa wa majani ya chai, akiukausha, akiusikiliza kama unavuja. Simu ikalia, dada yangu, katoka kanisani.

"Kaka, mama amekubali?"

"Amekubali."

Akapiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Anakuja lini? Niwaambie wapake rangi?"

"Wapake. Lakini wanakuja wawili."

"Wawili? Na nani tena?"

"Na kaka yetu mkubwa."

Akacheka. "Si mkubwa ni wewe?"

Mama alikuwa ameacha kupangusa mkebe.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni wa pili."