Nilikuwa Somo Wake, Nikaenda kwa Mjomba

Nilimsikia kabla sijamwona. Mtu alikuwa akitapika nyuma ya ghala letu la korosho, anajizuia, anaziba mdomo, inamshinda. Laiti ningerudi ndani! Maana yote yaliyofuata niliyafanya mimi, kwa ulimi wangu.

Alikuwa Salima (si jina lake), binti wa mama yangu mdogo. Hapa Newala msichana akitoka unyagoni huwa na somo, mwanamke wa kumfunza na kumtunzia siri za mwili wake. Somo wake nilikuwa mimi.

"Somo, nina mimba," alisema. "Na mwezi ujao naanza chuo cha ualimu Masasi. Sijui nitaibeba au sitaibeba. Nipe muda niamue mwenyewe. Usimwambie mtu."

"Nani, mimi? Nife kwanza!"

Nilivumilia siku tatu tu! Niliogopa angekwenda kwa watoa mimba wa vichochoroni akafa. Ndivyo nilivyojiambia. Nikapanda bodaboda hadi Chilangala kwa mjomba wetu, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno.

Alikuwa akianika korosho. "Umefanya vyema, mpwa wangu. Nitaongea naye taratibu. Wewe sijakuona."

Sijakuona! Ijumaa ya wiki ile ile akakalisha ukoo mzima mkekani, Salima katikati. "Aliyeniambia ni somo wake mwenyewe," akatangaza, akininyooshea kidole nimeshika birika la chai.

Mama mkubwa akacheka. "Wa chuo huyo! Kahitimu kabla hajaripoti!"

Wakaamua ataolewa na fundi pikipiki wa Lukuledi aliyempa mimba. Chuo basi. Hakuna aliyemuuliza Salima swali hata moja. Hata mimi! Nilimimina chai.

Mtoto yupo, ana miaka mitatu, anacheka na kila mtu. Simlilii mtoto. Huenda Salima angembeba kwa hiari yake, huenda asingembeba. Sitajua kamwe, wala yeye hatajua, kwa sababu nilimnyang'anya zile siku za kujiuliza.

Redioni watu hubishana kama kuamua kubeba mimba au kutoibeba ni haki ya mwanamke au ni dhambi. Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Sasa najua hili tu: mwili ulikuwa wake, nasi tuliugawana mkekani kama shamba la urithi.

Wewe uliyeaminiwa siri ya mtu, nakusihi! Hofu ikikutuma kwa wakubwa, usiitii. Rudi kwa aliyekuamini, kaa naye, muulize anataka nini.

Wiki iliyopita Salima alikuja, mkononi kanga iliyokunjwa, ile niliyomvika siku aliyotoka unyagoni. Akapiga goti.

"Shikamoo, Mama Rehema."

Mama Rehema, kwa jina la mwanangu, kama waniitavyo majirani! Tangu lini?

"Salima, kaa basi unywe maji," nikamwambia.

"Maji yenyewe ya kununua. Kunywa wewe."

Akaiweka kanga juu ya kiti, akatoka, akaufunga mlango polepole, kama mgeni afungavyo mlango wa watu.