Mtoto wa Shaba kwenye Treni ya Kusini

Jirani yangu pale Jakobsberg, huku Uswidi, alikuwa bibi wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, mjane, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu mimi niliyekulia Dar. Nilimwita Ba, kama Wagujarati wanavyomwita mama mtu mzima, naye aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza tulipokutana kwenye chumba cha kufulia na kugombania mashine. Mimi ni mwepesi wa hasira. Yeye alinitazama nikifoka mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ndani kwake aliishi na Mtoto. Ndivyo alivyomwita, na sikupata kumsikia akimwita sanamu. Alikuwa mungu wao Krishna, wa shaba, aliyetosha kwenye kiganja, mtoto mchanga anayetambaa, ameshika donge la siagi mkononi. Ba alikabidhiwa na mama mkwe wake alipoolewa. Kila asubuhi alimwamsha taratibu, akamwogesha, akamvisha, akamlisha, na usiku akamlaza. Wakati wa baridi alimfumia sweta na kofia. Na kwa sababu yeye ndiye mama, hakutia kitu kinywani kabla Mtoto hajala. Mimi ni Mwislamu, mambo hayo si yangu, lakini sikuona ajabu. Nimelea watoto wawili na ninajua chakula kinavyokataa kupita kooni wakati mwanao ana njaa.

Kulikuwa na sharti moja. Aliyemgusa Mtoto, au kikapu alimobebwa akitoka nyumbani, ilibidi awe ameoga na kuvaa nguo safi zisizotoka nje. Hilo halikunipa tabu kulielewa, kwani hata mimi siushiki Msahafu bila udhu. Kwa hiyo miaka yote nilibeba kila kitu cha Ba, mboga, dawa, hata zulia, ila kikapu kile sikuwahi kukigusa.

Mwezi wa kumi na moja, baada ya Diwali, Wahindi wa huku hukodi ukumbi Skärholmen, upande mwingine wa jiji, kila nyumba ikaleta vyakula vikapangwa mbele ya miungu mpaka vikawa kilima. Mwaka ule Ba aliniomba nimsindikize yeye na Mtoto kikapuni. Asubuhi Mtoto alipewa maziwa tu, ili abakize nafasi ya karamu, na Ba naye akanywa maziwa hayo hayo basi. Lakini sindano yake ya kisukari alijidunga kama kawaida, na sindano hiyo bila chakula hushusha sukari mpaka mtu azimie. Mimi muuguzi! Nilipoambiwa tulikuwa tumeshakaa kwenye treni, nikamgombeza mpaka abiria wakageuza macho dirishani, maana Mswidi hapendi kusikia ugomvi wa mwenzake hata kama haelewi neno.

"Tukifika tu atakula, na mimi nitakula," alinituliza. "Usiniharibie sikukuu."

Kosa lilitokea tulipofika katikati ya jiji kubadili treni. Ba alisimama, akashika kopo la vyakula kwa mkono mmoja, akayumba kidogo, nami nikaudaka ule mwingine. Tukashuka hivyo. Yeye alihisi mkono wake umeshika kitu, akadhani ni kikapu. Mimi, kwa mazoea, wala sikutazama kikapu kilipo, kwa kuwa hakikuwa changu kukitazama. Stesheni ile iko chini sana ardhini na jukwaa lake limezibwa kwa milango ya vioo. Milango ilipofungwa ndipo Ba alipogeuka. Tulikiona kikapu kupitia kioo, kiko dirishani, kofia nyekundu imechungulia juu ya blanketi. Nikagonga kioo kwa ngumi. Treni ikaondoka naye kuelekea kusini, Nynäshamn, kwenye mwisho wa reli.

Ba hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Hajazoea kukaa peke yake."

Mfanyakazi wa getini aliniambia nijaze maombi kwenye mtandao, vitu vilivyosahaulika hukusanywa, nitajibiwa baada ya siku chache. Nilishukuru kwamba nilimwambia "kikapu" na si "mtoto", vinginevyo tungezingirwa na polisi. Siku chache! Bibi huyu hakuwa na hata saa chache. Nilimvuta Ba tukapanda treni iliyofuata ya upande ule.

Kwenye treni ile nilianza kuogopa kweli. Jasho lilimtoka Ba juu ya mdomo, na nje kulikuwa na barafu. Vidole vikaanza kutetemeka. Nilitoa tende mkobani, nikatoa na ile sukari laini ya kwenye tyubu ninayotembea nayo kwa ajili yake. Alisukuma mkono wangu.

"Ba, utazimia."

"Naye je? Tangu alfajiri ana maziwa tu tumboni."

"Yeye ni Mungu kwenu, atastahimili!"

"Kwa wengine ni Mungu," alisema. "Kwangu ni mtoto."

Nilimkasirikia kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Nilimtishia kwamba akipoteza fahamu nitampaka sukari kwenye fizi, apende asipende, na nilimaanisha. Alitabasamu, akaegemeza kichwa begani kwangu. Kilikuwa chepesi mno. Mama yangu mwenyewe alifariki nikiwa huku, nikaaga kaburi kwenye simu ya mtu, na njia nzima nilimwomba Mwenyezi Mungu asinifanye nimzike mama mwingine kwa sababu ya kikapu.

Tulipofika mwisho wa reli, ile treni ya kwanza ilikuwa imesimama upande wa pili wa jukwaa, taa zinawaka, tayari kurudi mjini. Nilimkalisha Ba kwenye benchi, nikakimbia nikipita behewa moja baada ya jingine huku naita "samahani, samahani" kwa Kiswidi. Kikapu kilikuwa pale pale tulipokiacha. Mbele yake alikaa mzee wa Kiswidi na mbwa wake miguuni. Aliniambia hapa ndipo kwake, alitakiwa kushuka tangu treni ilipofika, lakini hakuona vizuri kukiacha. Waliotaka kukaa kiti kile aliwaambia kina mwenyewe. Yeye hakukigusa, alisema, kwa kuwa hakikuwa chake.

"Nilijua aliyemfunika vizuri hivi lazima atarudi," alisema.

Basi njia yote hakuna mkono uliomgusa Mtoto. Uliobaki ni wangu, na mkono huo ulishika vishikio vya ngazi za umeme na vyuma vya milango ya jiji zima. Tangazo la kuondoka lilikuwa limeshaanza. Nikamkumbatia na kikapu chake, nikaruka nje, na yule mzee akashuka nyuma yangu na mbwa wake akaenda zake.

Nilimwekea Ba mapajani huku nikijitetea mfululizo, sikuoga, sikubadili nguo, unisamehe. Hakunisikia. Alikuwa akimgusa uso.

"Kofia imekaa upande," alisema, akajaribu kuiweka sawa na vidole vikamkatalia. Kopo la vyakula nalo hakuweza kulifungua.

"Mlishe wewe," akaniambia.

Nilisita, nisiseme uongo. Nimefundishwa tangu madrasa kwamba hatuweki chakula mbele ya kilichochongwa. Lakini nilikuwa muuguzi, na dawa ya mgonjwa wangu ilikuwa lazima ipitie kwanza kinywa cha shaba. Nilifungua kopo. Aliniagiza nikate kipande cha halua ya maziwa, nikiweke mbele ya Mtoto, nimfunike kwa ncha ya sari, kisha tugeuze nyuso, kwa sababu mtoto hali vizuri akikodolewa macho. Tukageuza nyuso. Tulitazama reli. Upepo wa bahari ulipita jukwaani na Ba alitetemeka mwili mzima.

"Amemaliza," nilisema.

"Umemwona?"

"Nitamwonaje na umenikataza kutazama?"

"Basi subiri. Mtoto hakimbizwi."

Nikasubiri. Sijapata kungoja kitu kwa moyo kama nilivyongoja shaba ile imalize kula. Hatimaye Ba akafunua. Kipande kilikuwa kizima kama nilivyokiweka, naye akakitazama kwa kuridhika kabisa. Nilikichukua upesi nikampelekea mdomoni. Akafumba midomo.

Akaingiza mkono chini kabisa ya kopo, ukapapasa, ukatoka na kifurushi kidogo cha karatasi ya fedha, kimefungwa peke yake. Chakula kikishapelekwa kwa Mtoto huwa chake, na mimi, kwa dini yangu, sikuwahi kula chakula cha namna hiyo. Hatukulizungumza hata mara moja. Ila kila alipopika, kabla hajamtengea yeye, Ba alikata fungu langu akaliweka kando. Kumbe alfajiri ile pia, katikati ya pilikapilika zote, alikuwa amelikata.

"Na wewe hujala tangu asubuhi," alisema. Maneno yalikuwa yameanza kumkwama. "Hiki hakijapelekwa. Kula."

"Ba, kwa jina la Mungu, wewe kwanza!"

Akatikisa kichwa. "Mwanangu kwanza."

Nilikitupia chote kinywani. Nilitafuna nikilia, sikusikia ladha yoyote, nikameza, kisha nikaachama mbele yake kama mwanafunzi wa chekechea ili aone hakikubaki kitu. Akachungulia kwa makini. Ndipo naye akafumbua kinywa.